Kiberiti na Mfupa wa Muundi

Cherehani ilikuwa inazunguka, lakini chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Fundi alikuwa anakanyaga tu. Macho yake yalikuwa dirishani.

"Utaichimba sakafu," alisema mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa ameketi karibu na mlango, anakata nyuzi zilizobaki kwenye sare za shule.

"Saa ngapi sasa, mama?"

"Umeniuliza sasa hivi."

"Na ulisema saa ngapi?"

"Kumi na nusu. Bado ni kumi na nusu. Saa haina mbio kama za mjukuu wangu."

Chumba hicho cha mbele ndiyo ilikuwa ofisi ya fundi. Kulikuwa na meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na marundo ya sketi ambazo wenyewe hawajaja kuchukua. Vyumba viwili vya nyuma ndiyo nyumba. Mume wake alikuwa dereva wa lori, na safari hii alikuwa na wiki ya tatu barabarani. Kwa hiyo nyumbani walibaki wanawake watatu: fundi, mama mkwe wake, na binti aliyekuwa kidato cha pili.

Binti huyo watu wote walimwita Kiberiti. Akitulia, humwoni. Akianza kukimbia, anawaka.

Muhula huo Kiberiti alijiunga na riadha ya shule. Wasichana walikuwa arobaini. Baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, mwalimu wa michezo angechagua kumi na wawili wa kwenda kwenye mashindano ya shule za sekondari. Kiberiti hajawahi kutaka kitu maishani kama alivyotaka kuwa mmoja wa hao kumi na wawili. Hakutulia tena. Akila, magoti yanacheza chini ya meza. Akisoma, kalamu inagonga daftari.

Mama yake naye alikuwa vivyo hivyo. Utotoni alikuwa mwepesi kuliko wavulana wa mtaa wao. Alimaliza darasa la saba, akakaa kwenye cherehani, na hakuna mtu aliyeuliza tena habari za miguu yake.

Kiberiti aliingia, akatupa begi kwenye meza ya kukatia.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama."

"Marahaba, mke mwenzangu," alisema bibi. "Umetuletea nini?"

"Njaa."

Mama hakucheka. "Leo mmekimbia mara ngapi?"

"Leo hatukukimbia sana. Jana tulikimbia sana, kwa hiyo leo mwalimu ametupunguzia. Tumejifunza kupokezana kijiti."

"Kijiti?"

"Ndiyo. Wanakimbia watu wanne. Wa kwanza anampa wa pili kijiti, wa pili anampa wa tatu..."

"Saa nzima mmekaa mnapeana kijiti?"

"Mama, ni kazi ngumu!"

"Na yule rafiki yako, Mrefu?"

"Naye alishika kijiti."

"Huyo anakudanganya," alisema mama. "Hapo shuleni anashika kijiti. Akifika kwao anakimbia. Wenzako hawalali, mwanangu. Hebu niambie, nani alichaguliwa kwa kupumzika?"

Kiberiti alichukua begi lake, akaenda ndani. Lakini neno lile lilimwingia.

Kesho yake alfajiri mama alimwamsha. Walitoka bila kula. Mama alisema tumbo tupu litamfanya mwepesi. Kiberiti alivaa viatu vya zamani vya binamu yake, vilivyokuwa vimeisha soli upande mmoja. Alikimbia kwenye barabara ya lami, na mama yake alimfuata nyuma kwa baiskeli.

"Vuta! Vuta! Usiangalie nyuma! Mrefu yuko mbele yako!"

Walifanya hivyo kila siku. Mwalimu akisema leo ni siku ya kupumzika, wao walikimbia. Mwalimu akisema leo ni mbio kali, Kiberiti alikimbia asubuhi nyumbani na jioni shuleni. Na mama alimwonya, "Usimwambie mwalimu. Atatuona tunamwingilia kazi."

Siku ya sita asubuhi, Kiberiti alirudi kutoka barabarani anachechemea.

"Wapi?" aliuliza mama.

"Hapa." Alionyesha muundi, ule mfupa mrefu wa mbele, kati ya goti na kifundo cha mguu. "Upande wa ndani."

Fundi aliushika mguu, akaugeuza kama anavyogeuza mkono wa shati. Kwake yeye, nguo ikichakaa mahali, huongezi maneno. Unaongeza kitambaa. Alichukua kile kitambaa kigumu cha kutilia ndani ya kola, akakikunja mara mbili, akatia lastiki juu na chini, akashona mishono minne. Kikawa kama bomba. Alimvika binti yake kwenye muundi, akakaza.

"Jamani," alisema bibi, "mguu si kola."

"Mama, nakuomba uniachie. Zimebaki siku tano."

"Sawa, nakuachia. Lakini mwulize mwenye mguu."

Wote wawili walimgeukia Kiberiti.

"Siumwi sana," alisema Kiberiti. Alisema haraka, kabla machozi hayajafika.

Alivuta soksi ndefu juu ya lile bomba la kitambaa, akaenda shule.

Siku tatu baadaye ililetwa barua fupi kutoka kwa mwalimu wa michezo. "Mama, naomba tuonane leo saa kumi, uwanjani. Ni kuhusu mguu wa binti yako. Kwa sasa nimemsimamisha kukimbia."

Fundi aliisoma mara mbili.

"Amemsimamisha! Uchaguzi kesho kutwa, na yeye amemsimamisha!"

"Nenda ukasikilize," alisema bibi.

"Nakwenda kusema, siendi kusikiliza."

"Basi tangulia useme. Ukimaliza, usikilize. Mungu alikupa vyote viwili, mdomo na masikio."

Uwanja wa shule ulikuwa na nyasi katikati na njia ya udongo kuuzunguka. Mistari ya chokaa ilikuwa imeanza kufutika. Mwalimu wa michezo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye filimbi shingoni na saa mbili mkono mmoja. Wanafunzi walimwita Filimbi, na yeye alijua.

"Karibu, mama. Habari za kazi?"

"Kazi ipo. Mwalimu, mwanangu amekosa nini?"

"Hajakosa. Twende tutembee kidogo. Tukisimama hapa tutagombana, na mimi nina watoto arobaini wa kuangalia."

Walitembea. Fundi alizoea kuona mtu mmoja akikimbia na wengine wakimfuata. Hakujua kwamba riadha ni kazi nyingi hivyo. Upande mmoja msichana mnene wa mabega alikuwa anasukuma tufe la chuma kutoka shingoni. Mwingine alikuwa anazunguka na kisahani. Mbali, penye kamba, mmoja alikuwa anarusha mkuki, na hakuna aliyeruhusiwa kupita mbele yake. Kwenye shimo la mchanga walikuwa wanaruka, na mwenzao anapima kwa futi ya utepe.

"Yule wa tufe," alisema mwalimu, "alikuja hapa anataka mita mia. Kila mbio alikuwa wa mwisho, anarudi nyumbani analia. Nikampa tufe. Sasa hakuna anayemkaribia. Mwanzo wa muhula kila mtoto anajaribu kila kitu. Mwili wenyewe unatuambia unataka nini."

"Wangu unataka kukimbia."

"Ndiyo. Wako ni wa kukimbia, hilo halina ubishi."

Fundi alipumua. Lakini mwalimu alitoa kitu mfukoni. Lilikuwa lile bomba la kitambaa.

"Hiki nimekikuta chini ya soksi. Mguu chini yake ulikuwa umevimba, na lastiki imechora ngozi pande zote."

"Nilishona mimi," alisema fundi taratibu.

"Nilijua ni mkono wa fundi. Mshono mzuri sana. Sasa nieleze, mama. Mimi nampa mbio kali siku tatu kwa wiki. Siku nyingine nampa mbio nyepesi, au kijiti, au namwambia apumzike. Kwa kazi yangu mimi, mguu ule usingefika hapa. Nani anamkimbiza asubuhi?"

Kiberiti alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua chache tu. Aliinamisha kichwa.

"Mimi," alisema mama yake. "Kwenye lami. Kila siku. Nilidhani unawadekeza."

Mwalimu hakukasirika. Alikaa kwenye benchi, na fundi akakaa upande wa pili.

"Cherehani yako unaitia mafuta wakati gani?" aliuliza mwalimu. "Ikiwa inazunguka?"

"Ala! Itawezekanaje? Ikiwa imesimama."

"Mwili ni hivyo hivyo. Tukikimbia, tunauchosha. Misuli inachanika kidogo kidogo, mifupa inapata mshtuko. Tukipumzika, tukala, tukalala, ndipo mwili unajitengeneza, unakuwa na nguvu kuliko jana. Ukikimbia tena kabla haujajitengeneza, unachosha kilichochoka. Mwisho mfupa unapata ufa. Na mfupa wenye ufa ukiendelea kuukimbilia, unaweza kuvunjika."

Fundi alishika kifua.

"Usiogope bado. Tazama." Mwalimu aliupapasa muundi wa Kiberiti kwa kidole gumba, kutoka juu kwenda chini. "Sema panapouma."

"Hapo. Na hapo. Na... mwalimu!"

"Hapo zaidi?"

"Hapo sana."

"Maumivu yakisambaa kwenye mfupa, mara nyingi ni uchovu. Yakiwa makali mahali pamoja, kama kuchomwa, au yakiuma hata mtu amekaa, tunakwenda kwa daktari. Hatubahatishi. Kesho asubuhi mpeleke kliniki apigwe picha ya mfupa."

Kisha alimwuliza Kiberiti maswali kwa sauti ya chini. Asubuhi anakula nini? Hali kitu. Anakunywa maji mara ngapi? Hakumbuki. Hedhi inakuja kama kawaida?

Kiberiti aliona haya. "Mwezi huu haijaja."

"Usione haya. Wasichana wengi wanaficha. Msichana akikimbia sana na chakula ni kidogo, hedhi inaweza kukatika, na mifupa inapungua nguvu. Hilo nalo mwambieni daktari."

"Na uchaguzi?" aliuliza Kiberiti. "Jumamosi?"

"Jumamosi hutakimbia."

Kiberiti alijifunika uso kwa mikono. Mama yake alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mwalimu, nimemharibia mtoto."

"Nisikilizeni nyote wawili. Nina nafasi moja ya akiba. Sitaandika jina mpaka wiki moja kabla ya mashindano. Mashindano ni baada ya wiki saba. Akipona akiwa amefuata njia, atakuja tumpime. Lakini mimi simpi kijiti mtu anayenificha maumivu. Siwezi kumlinda mtoto nisiyejua anaumwa wapi."

Daktari alipiga picha. Ufa haukuonekana. "Lakini ufa mdogo unaweza kujificha siku za mwanzo," alisema. "Wiki tatu bila kukimbia. Weka kitambaa cha maji baridi. Chakula asubuhi, mchana na jioni. Maumivu yasipopungua, rudini tupige picha nyingine."

Wiki tatu! Katika nyumba ile ilikuwa kama miaka mitatu. Alfajiri fundi aliamka saa ile ile. Alikaa kitandani, mikono haina kazi. Siku moja alishuka, akaijaza baiskeli upepo, akaifuta, akaipeleka hadi mlangoni. Akasimama. Akairudisha. Akaenda jikoni, akachemsha mayai, akachemsha na maharage ya mchana kabla jua halijatoka.

Kiberiti naye alikuwa kama kuku aliyefungwa mguu. Alizunguka chumba. Alimgombeza bibi yake bila sababu, akaomba radhi, akamgombeza tena.

"Nipe mguu wako nikupe wangu," alisema bibi. "Wa kwangu umeshapumzika miaka mingi, haukulalamika hata siku moja."

Kiberiti alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jioni Mrefu alikuja kumwona. Fundi alimtazama, akataka kumwuliza kitu, mwisho akauliza.

"Mrefu, hebu sema kweli. Ukifika kwenu jioni unakimbia tena?"

"Mimi? Mama, mimi nikifika nyumbani naoga, nakula, nalala kama gogo. Wananiamsha kwa maji."

Fundi aliinua sketi moja, akajifanya anatafuta tundu.

Mrefu alikuwa amekuja na kijiti. Mwalimu alisema mguu ndio unaouma, mikono haiumi. Wakasimama katikati ya chumba cha kushonea, mmoja nyuma ya mwenzake. Mrefu alimweleza fundi: anayepokea haangalii nyuma. Anaanza kukimbia mwenzake akifika kwenye alama, ananyoosha mkono nyuma, na kiganja kinatulia. Anayetoa anasema "Shika!" na kukitia kijiti ndani ya kiganja. Kuna kipande cha njia chenye urefu wa mita thelathini. Kijiti kikipokelewa nje ya kipande hicho, timu nzima imetolewa.

"Nzima? Kwa kosa la mmoja?"

"Nzima, mama."

Kuanzia hapo chumba kile hakikuwa na amani. "Shika!" kati ya meza na kioo. "Shika!" mteja anapimwa kiuno. Bibi naye aliingizwa. "Shika!" alipiga kelele Kiberiti nyuma yake.

"Nishike nini, nina mkasi mkononi! Mke mwenza gani huyu, anataka kuniua arithi nyumba?"

Wiki ya nne daktari aliubonyeza mguu. Haukuuma. Hedhi ilikuwa imerudi. Baba yake alirudi safari na viatu vipya vya kukimbilia, vyenye soli nzima. Kiberiti alianza upya, kama mtoto anayejifunza. Kwanza kutembea haraka. Halafu dakika moja kukimbia polepole kwenye nyasi, dakika moja kutembea. Kabla ya kukimbia, dakika kumi na tano za kupasha misuli joto: mwendo wa polepole, kuinua magoti, kurusha miguu. Alikula saa mbili au tatu kabla ya mazoezi, siyo muda ule ule. Baada ya siku ngumu, siku nyepesi. Mama aliandika ratiba kwa chaki ya kukatia nguo, ubaoni nyuma ya mlango. Siku ya kupumzika aliipigia mstari.

Wiki moja kabla ya mashindano mwalimu aliwapima wasichana wa kupokezana kijiti. Kwa mbio tupu, Kiberiti hakuwa amerudi sawasawa. Lakini kijiti mkononi mwake hakikupoteza hata nusu sekunde.

"Wa tatu," alisema mwalimu. "Utakimbia kwenye kona. Aliyekuwa wa tatu atakuwa akiba."

Siku ya mashindano uwanja ulijaa shule ishirini. Fundi na bibi walikaa mstari wa mbele. Asubuhi yalikuwa mashindano ya mchujo. Kiberiti alipokea kijiti, akawaka, akakata kona, akampa Mrefu. Wakawa wa pili. Wakaingia fainali. Fundi aliruka hata kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Fainali ilikuwa saa tisa. Saa nane na nusu Kiberiti alikuja mpaka kwenye uzio. Alikuwa anatabasamu kwa nguvu.

"Mama, sogea." Alinong'ona. "Unauma. Kidogo tu. Pale pale. Usimwambie mwalimu."

Fundi aligeukia uwanja. Mbele yake wasichana walikuwa wanapasha misuli. Spika ilikuwa inaita majina ya shule. Nusu saa tu. Kona moja tu. Sekunde kumi na nne. Aliutazama uso wa binti yake, akaona amekuja kwake kutafuta ruhusa ya kuficha.

"Nenda ukamwambie," alisema.

"Mama! Ni fainali!"

"Najua ni fainali."

"Atanitoa!"

"Huenda. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nakuja nyuma yako."

Walikwenda. Fundi alitembea nyuma. Mwalimu alisikia yote bila kukatiza. Alipiga goti, akabonyeza muundi, akamwambia Kiberiti aruke kwa mguu mmoja. Kiberiti aliruka mara mbili, uso ukakunjamana.

"Hukimbii," alisema mwalimu. "Mwenzako wa akiba ataingia." Halafu akamshika bega. "Asante kwa kuniambia."

Kiberiti alilia kwenye nyasi, mgongo ameugeuzia uwanja. Lakini bunduki ya kuanzia ilipolia, aligeuka. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Msichana wa akiba alikuwa mzito kidogo kwenye kona, lakini kijiti hakikuanguka. Shule yao ilikuwa ya tatu. Shule tatu za kwanza zilipelekwa kwenye mashindano makubwa, baada ya wiki tano.

Kwenye benchi, mama mmoja wa shule nyingine alimwuliza fundi, "Wa kwako mbona hakukimbia? Ameogopa?"

"Ameumwa muundi, akasema."

"Kwa hilo tu? Wa kwangu anaumwa mwezi wa pili. Tumemfunga bendeji, anakimbia."

Fundi alimgeukia mzima mzima. "Dada, yuko wapi huyo mtoto? Anaumwa mahali pamoja au mguu mzima? Hebu twende kwa mwalimu wake, sasa hivi. Nitakusindikiza."

Daktari alisema safari hii mfupa ulikuwa umechoka tu. Siku tano za kupumzika zilitosha, kwa sababu hawakuongeza fainali juu yake. Kiberiti alirudi kwenye nyasi polepole, ratiba ileile.

Wiki tano zilipita. Kwenye uwanja mkubwa, kabla ya mbio, mwalimu aliwapanga wasichana wake wanne.

"Nani anaumwa?"

"Mimi kidole cha mguu kimechubuka," alisema wa kwanza. Mwalimu akakiangalia, akakifunga plasta.

"Wewe, Kiberiti?"

"Sina maumivu, mwalimu."

Mwalimu hakuinama kubonyeza. Hakumwambia aruke. Alimtazama machoni kidogo, akaonyesha upande wa pili wa uwanja.

"Kona yako ile pale. Nenda."

Kiberiti alikwenda, akasimama kwenye alama yake, na mwenzake alipofika karibu, akaanza kukimbia, akanyoosha mkono nyuma.